Daktari, moyo wa mwanangu "una sauti"

*Mwanangu ana miaka 4. Nilimpeleka hospitali kwa homa, nikaambiwa moyo wake una sauti ya ziada. Atapasuliwa? (Mama, Morogoro)*

Yaelekea hapana. Homa huuendesha moyo mbio, na damu ikipita kwa kasi huvuma, kama maji kwenye mpira uliominywa. Watoto wengi wa umri huo wana sauti laini na fupi, inayofifia wakisimama. Mrudishe apimwe homa ikiisha. Akiwa anachoka upesi au midomo inageuka bluu, usingoje.

*Dawa gani ya asili huondoa sauti hiyo?*

Hakuna, na nimeshajibu hili mara nyingi. Hata sauti ikitokana na tundu la moyo, hakuna mzizi unaoliziba.

*Sauti kubwa ndiyo hatari zaidi?*

La. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini mara nyingi hupiga kelele kuliko tundu kubwa.

*Binti yangu, miaka 12, vali yake inavuja. Anachomwa sindano kila mwezi lakini haumwi. Tuache? (Baba, Tanga)*

Msiache, ndugu yangu. Vali ni mlango wa damu ndani ya moyo. Ile ya mitrali, iliyo kati ya vyumba vya kushoto, ikivuja, mlio huvuma muda wote moyo unapojikaza, ukasikika hadi kwapani. Kwa umri wake, chanzo kikubwa kwetu ni koo: bakteria aina ya streptokoka hawakutibiwa, kinga ya mwili ikageukia vali zake yenyewe. Penisilini ya kila wiki tatu au nne haifuti kovu lililopo, inazuia jipya. Wenye vali zilizoharibika huchomwa miaka 10 na zaidi. Sindano hiyo inauma, najua. Mshike mkono, lakini achomwe.

Na nyie mnaowapeleka watoto wenye koo kukatwa kimeo, acheni! Kimeo hakina kosa. Kukikata hakuui bakteria. Mtoto anavuja damu, na siku za kumpa antibiotiki zinapita. Koo linalouma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, lifike kituo cha afya wiki hiyohiyo.

*Nina mimba ya miezi saba, nimeambiwa moyo una sauti. Ni kawaida?*

Mara nyingi ndiyo, dada, kwani damu mwilini imeongezeka karibu nusu. Ila ipo ngurumo nzito ya chini, inayosikika moyo ukilegea kujaza damu. Tunaitafuta kwa kumlaza mama ubavu wa kushoto. Hiyo si ya mimba, ni vali iliyobana. Ukiamka usiku ukitafuta pumzi, usikubali kuambiwa "ni mimba tu". Dai kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla uchungu haujaanza.