Barua ya mheshimiwa haimpi mtoto nafasi chuoni

Dada wa Kisumu, umeuliza kama barua ya mbunge itamsaidia kijana wako kupata chuo. Kwa KUCCPS, shirika la Kenya linalowapangia wanafunzi vyuo, hapana: mfumo hutazama alama za KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), pointi za klasta (zinazotokana na masomo yanayohusu kozi) na kozi alizochagua, hamna pa kuweka barua. Vyuo vingi vya Marekani ndivyo huomba barua, na hapo wazazi hupotea. Mheshimiwa asiyemjua mtoto huandika "ana nidhamu" na kuishia hapo. Mwalimu wa kemia aliyemwona akirudia kupima asidi mara tatu mpaka vipimo vikakubaliana ana la kusema! Mwombeni huyo mwezi mzima kabla ya tarehe ya mwisho, mkimpa matokeo na orodha ya vyuo. Na tafadhali, msinunue sahihi ya mtu.