Tangi Likigeuka Maziwa, Mikono Nje Kwanza

Jumatatu iliyopita niliingia jikoni kwa mteja wetu Lavington nikamkuta kijana wangu, tena yule ninayemsifu kuliko wote, amesimama kwenye sinki na seramiki zote za sampu, vile vipande vya kuchujia maji vinavyokaa kwenye tangi dogo la chini. Anazisugua kwa brashi ya vyombo. Chini ya bomba. Maji ya kanjo, na klorini yake unaisikia kutoka mlangoni. Sebuleni tangi la samaki lilikuwa jeupe kama chai ya maziwa iliyosahauliwa majani.

"Unafanya nini?"

"Mzee, naondoa chanzo."

Nikavuta kiti kilichokuwa karibu, kumbe ni cha mtoto, nikakaa hivyo hivyo magoti yakiwa kidevuni. Sikumfokea. Ningemfokea vipi, na kosa lile nililifanya mimi kabla hajamaliza darasa la nane? Ila nimechoka kulieleza kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo nyinyi mnaoanza samaki wa maji chumvi, wa kufuga nyumbani na wa kuhudumia matangi ya wenyewe, someni hapa, kisha mniachie usingizi wangu wa saa sita usiku.

1. Hewa kwanza, maswali baadaye. Ukikuta tangi limebadilika ghafla, tia jiwe la hewa, elekeza pampu ya mawimbi juu hadi uso wa maji usukesuke, hakikisha skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, inavuta. Sitisha chakula. Hapo ndipo uanze kujiuliza ni nini. Weupe wa bakteria wenyewe haumuui samaki. Kinachomuua ni kwamba hao bakteria wanavuta oksijeni ileile anayoivuta yeye, na wao ni mabilioni. Halafu kumbukeni tunafugia wapi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 kule Mombasa hubeba oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Hapa kwetu, hata ukipiga mapovu mpaka asubuhi, hayavuki 5.4 hivi. Samaki wa Nairobi ameanza siku akiwa na deni. Yule wa kwenye video anayekwambia "subiri tu siku tatu, yatajisafisha" anaishi ufukweni.

2. Chota glasi moja, iweke mezani, itazame kwenye mwanga. Ikisafika kwa dakika moja au mbili kuanzia chini, hayo ni mapovu madogo. Maji ya sampu yamepungua na pampu inanyonya hewa, ongeza maji uende nyumbani. Kikijikusanya kitu chini baada ya saa moja, ni vumbi la mchanga. Isipobadilika, tia siki kidogo: weupe ukiyeyuka, ni chokaa, ukibaki, ni bakteria. Yakiwa kijani huhitaji glasi, huo ni mwani. Na nusa. Watu mnaona haya kunusa tangi la mteja, sijui kwa nini, tangi lenye maiti ndani linajieleza lenyewe.

3. Kipimo ni sindano. Hapa nitakaa kidogo.

Julai 2017 nilikuwa nimepanga South B, na tangi langu la lita 300 lilikuwa limenila akiba yote. Nitrati, mabaki ya kinyesi na chakula cha samaki, ilikuwa imegoma kwenye miligramu 40 kwa lita miezi mitatu. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili, mara yao ya kwanza, na nilikuwa nimeshapata habari kwamba baba mkwe huwaeleza watu kuwa binti yake ameolewa na mtu anayefuga samaki wa kutoliwa. Nikataka tangi linitetee.

Nyinyi mnaijua njia ya vodka: unawapa bakteria kaboni, wanazaliana, wanakula nitrati na fosfati, skima inawatoa. Unaanza na sehemu ya kumi ya mililita kwa kila lita 100, unapanda polepole wiki kwa wiki. Kwangu ilikuwa mililita 0.3. Alhamisi usiku sikuiona sindano ya kupimia. Nilitafuta kwenye droo moja, nikakata tamaa, nikatumia kifuniko cha chupa. Vifuniko viwili, kimoja cha nitrati na kimoja cha wakwe. Kifuniko ni kama mililita tano. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nikiifanya bado tumbo linavuruga.

Ijumaa asubuhi niliona ukungu kidogo nikasema ni macho. Jioni sikuliona jiwe la nyuma. Skima ilikuwa imetapika povu mpaka kwenye zulia la mke wangu, na mimi, kwa kuokoa zulia, nikaizima. Zingatieni hapo. Vifuniko vilileta ugonjwa, lakini swichi ile ndiyo iliyochimba kaburi, maana skima ndiyo iliyokuwa ikitoa bakteria na kuingiza hewa kwa wakati mmoja. Ilitakiwa niifungue kikombe, niiwekee ndoo, iendelee kutapika.

Jumamosi nikaamka na nguvu za mtu asiyejua kitu. Nikaosha sponji na seramiki kwa maji ya bomba, yaani nikawaua bakteria wazuri wanaoishi humo nikawaacha wale wa vodka wakiogelea. Nikatoa nusu ya maji. Nikarudisha maji niliyokoroga chumvi saa ileile, baridi ya Julai mnaijua, bila rifraktomita ya kupimia chumvi, kwa kuonja. Ndiyo, kwa kuonja. Na kila hatua ilinipa raha, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Saa nane usiku stima ikapotea. Mfugaji wa maji chumvi haamshwi na kelele, anaamshwa na kimya. Nikawasha tochi ya simu. Samaki wangu kangaja, niliyemlipia kwa awamu tatu, alikuwa juu, mdomo unagusa uso wa maji, matamvua yanapiga haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa. Nikachukua kikombe nikaanza kuchota na kumwaga kutoka juu, kuchota na kumwaga. Baadaye mke wangu akatoka chumbani, akanitazama, hakusema neno, akaleta sufuria ya ugali akasimama upande wa pili. Tulimwaga maji hivyo mpaka saa kumi na moja stima iliporudi. Klauni wawili walipona. Kangaja aliacha kupumua mkononi mwangu kama saa kumi, na rangi yake ikaondoka mbele ya macho yangu, kuanzia mkiani.

Jumapili baba mkwe aliinama kwenye kioo, mikono nyuma, akatazama ule weupe kwa muda mrefu.

"Na hawa samaki wenyewe, wako wapi?"

"Wamelala, baba."

"Basi tusiwaamshe," akasema, akaenda kukaa kiti cha mbali kabisa. Mpaka leo akinipigia simu, kabla ya salamu, anauliza kama wameamka.

4. Kalisiamu na alkaliniti, zile dozi mbili za kulisha matumbawe, hazitiwi mahali pamoja wala dakika moja. Zikikutana kabla hazijachanganyika na maji zinageuka chokaa, theluji inaanguka sebuleni, hita inavaa koti jeupe. Ukipima utaona alkaliniti imeshuka, na hapo ndipo mgeni anaongeza nyingine na theluji inaanguka tena. Acha. Pima magnesiamu pia. Ikiwa chini sana ya miligramu 1,300 kwa lita mchezo huu utakurudia. Mteja mmoja wa Kileleshwa alimimina maji ya chokaa kikombe kizima asubuhi kwa sababu matumbawe "yalionekana na huzuni". Pima pH kabla ya kupima huzuni.

5. Hesabu wanyama. Jongoo bahari akifia nyuma ya jiwe anaweza kuondoka na tangi zima, kwa sababu ana sumu. Mtoe, tia mkaa wa tangi, badilisha maji kiasi. Nimesema mkaa wa tangi. Kuna mtu alitia wa jiko, simtaji, yupo na anasoma hapa.

6. Mchanga mkavu huoshwa kabla ya kuingia. Basi.

7. Jueni maji yenu yanatoka wapi. Wakati wa mgao keateka anaita bauza, bauza linaleta maji ya kisima, na visima vingi vya Nairobi vina magadi na floraidi. Tangi la ploti linajaa, bomba ni lilelile, wewe huna habari. Mashine ya RO ya kuchuja maji itapambana, lakini resini, kichujio cha mwisho, itakwisha mapema, kwa hiyo pima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kila unapochota na si kila unapokumbuka. Na nyinyi mnaoleta maji ya bahari kwa mitungi kutoka Mombasa: vijidudu vilivyomo vikifungiwa gizani siku nne vinakufa na kuoza, kisha unavimwaga juu ya samaki halafu unashangaa.

8. Waulize watu wa nyumba. Hili nimelijifunza tena Jumatatu, nikiwa kwenye kile kiti. Tulikuwa tumeshaweka mawe mawili ya hewa, skima inatapika kwenye ndoo, amonia imepimwa na iko sawa kwa sasa kwa sababu mawe hai, yale yenye bakteria wazuri, yalikuwa yanabeba mzigo wa seramiki zilizosuguliwa. Siki haikubadilisha kitu, kwa hiyo ni bakteria. Lakini wamekula nini? Hakuna aliyekufa, hakuna vodka, kijana anaapa hajaongeza dozi yoyote. Tukahesabu samaki mara mbili, tukainua jiwe kwa jiwe.

Mwenye kiti alikuja kukidai. Ana miaka minne. Nikampisha, nikamuuliza kama amemwona samaki yeyote mgonjwa.

"Si wagonjwa. Walikuwa na njaa."

Kijana wangu akageuka polepole, brashi bado mkononi. Mtoto akatuonyesha. Kikombe kilikuwa nyuma ya tangi, cha plastiki, cha bluu, na ukoko wa uji umekauka ukingoni.