Jibu: Je, Foreman alikuwa nani zaidi ya yule aliyepigwa na Ali Kinshasa?

Ndugu, umeuliza kama George Foreman, bondia Mmarekani, ana lolote la kukumbukwa mbali na kipigo cha Kinshasa. Analo, tena kubwa.

Hata mzee wangu hapa Nairobi humtaja kwa usiku ule tu wa Oktoba 30, 1974: kule ilikuwa alfajiri, huku kwetu kumeshaanza kupambazuka, Muhammad Ali akamlaza raundi ya nane. Lakini mwaka uliotangulia, kule Kingston, Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Frazier yule yule aliyemshinda Ali! Kabla ya hapo Foreman alishachukua dhahabu ya Olimpiki, Mexico 1968.

Mwaka 1977 akaacha ndondi, akawa mhubiri Texas. Akarudi ulingoni miaka kumi baadaye, kipara, mnene, watu wakamcheka. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, akakutana na Michael Moorer, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kijana wa 26 asiyewahi kushindwa. Raundi tisa Foreman alikuwa akichapwa tu. Ya kumi, mkono wa kulia, Moorer chini. Siku hiyo Foreman alivaa bukta ile ile ya Kinshasa, na kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, aliyekuwa mkufunzi wa Ali usiku ule. Mimi hapo ndipo husisimka.

Alifariki Machi 2025: ushindi 76, 68 kati yake kwa nokauti, akishindwa mara 5. Na wanawe wote watano wa kiume aliwaita George, sijui mama zao walikuwa wanawaitaje chakula kikiwa tayari.