Maswali ya Wasomaji: Mlango Mkubwa Kuliko Nyumba

SWALI: Nimechora mlango katika AutoCAD, programu ya kuchora ramani, na kuufanya bloku (mistari iliyounganishwa kuwa kitu kimoja chenye jina). Nikiuingiza kwenye ramani nyingine unatokea mkubwa kuliko nyumba nzima, tena rangi haibadiliki hata nikiuhamishia leya (tabaka la mchoro) nyingine. Nakosea wapi?

JIBU: Hayo ni makosa mawili tofauti. Ukubwa unatokana na vipimo: mlango wa milimita 900 ukiingia kwenye ramani ya mita bila programu kujua kipimo chake, unasomwa kuwa mita 900. Andika INSUNITS, amri ya kuweka kipimo cha faili, katika faili zote mbili, kisha namba ya kipimo chake. 4 ni milimita, 6 ni mita. Bloku zilizokwisha kuingizwa hazitajirekebisha. Zifute, kisha tumia PURGE kuondoa ile ya zamani kabla ya kuingiza upya. Hatua hii wengi huiruka, na kwa kuwa jina ni lilelile, programu huendelea kutumia bloku iliyomo tayari.

Rangi sasa. Kilichochorwa kwenye leya 0, rangi ikiwa ByLayer (yaani rangi ya leya), hufuata leya ambamo bloku imewekwa. Kilichochorwa kwenye leya nyingine hubaki na rangi ya huko. Fungua bloku kwa BEDIT, chagua mistari yote, ihamishie leya 0, weka rangi ByLayer, kisha hifadhi kwa BSAVE na ufunge kwa BCLOSE. Nakala zote zitabadilika kwa mpigo. Ukitaka kila nakala upake rangi yake, weka ByBlock (rangi inayopewa nakala yenyewe).

Usikimbilie EXPLODE, amri ya kuvunja bloku, tafadhali! Bloku iliyovunjwa haifuati tena marekebisho ya wenzake.