Ubao mama wa soketi mbili: je, nianze na prosesa moja?

Swali: Nataka kuunda mashine ya kuhariri video na kutengeneza picha za 3D mchana, kisha usiku iendeshe mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja) kama seva. Nimeona ubao mama wa soketi mbili za EPYC 7003 (prosesa za seva za AMD), una sloti 16 za RAM. Nimepanga kuanza na prosesa moja na RAM nne za GB 64, ya pili niiongeze baadaye. Kabla sijatoa pesa, niangalie nini?

Jibu: Anza na kitabu cha mwongozo cha ubao huo, utafute mchoro unaoonyesha kipi kimeunganishwa na prosesa ipi. Huu ndio unaoamua mambo, kuliko hata idadi ya sloti. Ubao wa soketi mbili ni kama kompyuta mbili zilizofungwa pamoja: kila prosesa ina RAM zake na sloti zake za PCIe (za kuchomekea kadi kama za grafiki), na ikihitaji data iliyo upande wa mwenzake hulazimika kuvuka kiungo kilicho kati yao. Kuvuka huko kunakula muda.

Kwa hiyo soketi ya pili ikibaki tupu, sloti 8 za RAM za upande wake hazifanyi kazi, na sloti za PCIe zilizounganishwa nayo zinalala pia. Huenda mojawapo ni ile uliyoitengea kadi ya pili ya grafiki.

RAM nazo zipange upya. Prosesa ya EPYC 7003 ina chaneli 8 (njia za kufikia RAM) za DDR4, na kwa kasi ya 3200 kila chaneli hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. RAM nne, kila moja kwenye chaneli yake, zitakupa GB 102.4 kwa sekunde, nane zitakupa 204.8. Nunua nane za GB 32. Jumla inabaki GB 256 ile ile. Ziwe RDIMM (RAM za seva) zenye ECC, yaani uwezo wa kurekebisha makosa madogo ya data. Niliwahi kuitwa kuangalia mashine ya prosesa mbili iliyozidiwa kasi na ile ya zamani iliyoitangulia. Nilipofungua kasha nikakuta RAM zote zimechomekwa upande mmoja. Tulizigawa sawa kwa sawa, malalamiko yakaisha.

Usijumlishe leni za PCIe (njia za kupitisha data) kwa kuzidisha mara mbili. Prosesa moja ina leni 128, lakini mbili hazikupi 256, kwa sababu kila moja hutoa 48 au 64 kwa ajili ya kile kiungo. Unabaki na 128 hadi 160. Kadi mbili za grafiki zinatumia 32, na kila diski ya NVMe (diski ya kasi inayopitia PCIe) hutumia 4. Prosesa moja inakutosha na leni zinabaki.

Ukinunua prosesa, ujue kwamba yenye herufi P mwishoni mwa jina haifanyi kazi ikiwa mbili. Iliyotumika ina hatari nyingine: baadhi ya watengenezaji wa seva huifunga EPYC kwa mbao zao, na ukiihamishia kwenye ubao wa kampuni nyingine haiwaki. Muulize muuzaji ilitolewa kwenye mashine gani.

Pima kasha pia. Ubao wa kipimo cha EEB una milimita 305 kwa 330, na mbao nyingi za seva hutegemea upepo mkali wa feni za mbele kupoza saketi za umeme zilizo kando ya soketi. Kasha la kimya la mezani linaweza kuzichemsha.

Kwa kazi yako mimi ningechukua ubao wa soketi moja. EPYC 7003 hufika viini 64 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), na programu za kuhariri hufaidika zaidi na kasi ya kila kiini kuliko wingi wake. Soketi mbili zichukue tu kama mashine pepe zako zitahitaji viini au RAM kupita hapo. Ukifika huko, endesha `numactl --hardware` kwenye Linux uone kila upande una RAM kiasi gani, kisha hakikisha kila mashine pepe inaenea ndani ya upande mmoja.