Kabla ya Kulaumiana Barabarani, Badilishaneni Nafasi

Mikutano mingi ya usalama barabarani niliyohudhuria huanza vilevile. Dereva anasema watembea kwa miguu wanajirusha tu barabarani. Mtembea kwa miguu anasema madereva hawasimami kwenye kivuko. Mwendesha baiskeli anawalalamikia wote wawili. Mkutano unakwisha, kila mtu anarudi nyumbani na hasira yake. Baada ya miaka kadhaa ya kujitolea katika kamati ya usalama ya mtaa wetu, ushauri wangu ni kwamba watu wabadilishane nafasi kwanza, mazungumzo yafuate.

Kilichonifungua macho ni lori. Tulimwomba dereva mmoja aliegeshe uwanjani, injini ikiwa imezimwa, tukawapanga watoto karibu na mlango wa abiria na wengine mbele kabisa ya bampa. Kisha wazazi wakapanda mmojammoja kwenye kiti cha dereva. Mama mmoja alitazama kioo cha upande huu, akatazama cha upande ule, akainuka kidogo kitini, halafu akauliza, "Jamani, watoto wako wapi?" Walikuwa palepale, wanamsikia. Watoto nao walipanda wakajionea. Tangu hapo wanajua kwamba usipoiona sura ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Waendesha baiskeli waliondoka na jambo la pili: lori likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, kwa hiyo usijipenyeze kamwe ubavuni mwake kwenye makutano. Subiri nyuma.

Madereva nao washuke. Wapeni baiskeli, waendeshe kwenye barabara ileile wanayoipita kila siku, wasikie upepo wa gari linalowapita karibu na kiwiko. Ujerumani iliandika nafasi hiyo kwenye sheria mwaka 2020: ukiipita baiskeli, uache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ni kipimo kizuri popote. Na gari likiegeshwa, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao, kama Waholanzi wanavyofundishwa. Mwili wote unageuka, na macho yanaona anayekuja nyuma.

Ila nikiambiwa nichague jambo moja tu, nitachagua mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja inaweza kuisha kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 30 ni kama mita 8. Msiziseme tu namba hizi. Chukueni chaki na futi ya kamba, mzichore chini mbele ya shule, mtoto asimame kwenye mstari wa mita 10. Dereva akiona kwamba kwa mwendo mmoja amebakiza nafasi ya kuanza kufunga breki, na kwa mwingine ameshampita mtoto kabla hajaigusa, ubishi huisha. Nguvu ya kugonga nayo haipandi sawasawa na mwendo: ya kilomita 50 ni karibu mara tatu ya ile ya 30. Helsinki, mji mkuu wa Finland, ambako mitaa mingi ya makazi ina kikomo cha 30, ilimaliza mwaka 2019 bila mtembea kwa miguu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani. Duniani kote Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya barabarani milioni 1.19 kwa mwaka, na hakuna kinachoua watu wa miaka 5 hadi 29 zaidi kuliko ajali hizi. Hilo linaniuma kila ninapoona gari linakimbizwa mbele ya shule.

Kwa watembea kwa miguu, hatari ninayoihofia zaidi ni barabara ya njia mbili kwenda upande mmoja. Gari la kwanza linasimama kwa uungwana, wewe unavuka kwa furaha, la pili halikuoni kwa sababu la kwanza limekukinga. Fika ukingoni mwa gari lililosimama, tua, chungulia, ndipo uendelee. Pasipo na njia ya miguu, tembea ukitazamana na magari yanayokuja. Usiku vaa kitu cheupe au kinachoakisi mwanga. Baiskeli iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na isiende kinyume na magari.

Mkishapita hatua hizo, andikeni barua kwa wanaosimamia barabara. Tajeni mahali penyewe, saa ambazo pana hatari, ambatanisheni picha, kisha ombeni kitu mahususi: tuta, kivuko kilichoinuliwa, taa, au kibao cha kilomita 30. Hakikisheni madereva wa mtaani wametia saini pia, maana barua ya wazazi peke yao huonekana kama malalamiko ya upande mmoja. Mchagueni mtu wa kuifuatilia. Wakati mnasubiri jibu, kateni vichaka vinavyoziba kona.