Maswali ya Wasomaji: Mchango wa mtoto anayeugua saratani

SWALI: Mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 7, amegundulika kuwa na saratani ya damu na amelazwa Muhimbili. Sisi ni watu wa Muheza. Baba yake anaendesha bodaboda na mama yake anauza machungwa barabarani. Ukoo umefungua kundi la WhatsApp, na michango inaingia katika namba ya simu ya kaka yetu mkubwa, ambaye anashikilia kwamba mtoto apelekwe India na shamba la marehemu baba liuzwe. Binamu yetu naye anataka kusambaza picha ya mtoto akiwa kitandani, nywele zimemtoka, ili watu waguswe, lakini mama wa mtoto hataki. Tushike lipi? (Shangazi wa mtoto, Muheza)

JIBU: Shangazi, poleni sana, na salamu zetu zimfikie mama wa mtoto. Tuanze na jambo ambalo likishafanyika halirudi: shamba lisiuzwe sasa. Kabla ya kupanga kiasi cha kuchangisha, watu wawili wa familia waende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali na kwa daktari wa wodi, waulize ni huduma zipi ambazo familia haitalipia. Matibabu ya saratani za watoto pale Muhimbili yamekuwa yakitolewa bila malipo kwa familia, kwa ushirikiano wa hospitali na shirika la Tumaini la Maisha, na huduma za aina hiyo zimesogezwa pia katika hospitali kubwa za kanda, kama vile Bugando iliyoko Mwanza na KCMC ya Moshi. Familia nyingi huuza mali kwa hofu ya gharama ya dawa ambayo hakuna aliyewadai.

Hiyo haina maana kwamba fedha hazihitajiki. Zinahitajika sana, ila mahali pengine na kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani. Ikiwa mtoto ana ile aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi, ambayo madaktari huiita ALL, matibabu yake huchukua zaidi ya miaka miwili. Awamu ya kwanza, ya takriban mwezi mmoja, ni nzito na mtoto huwa karibu na hospitali wakati wote. Zinafuata awamu nyingine za dripu na sindano, kisha kipindi kirefu cha vidonge vya nyumbani na kurudi kliniki kwa tarehe. Katika muda wote huo kuna nauli ya Muheza hadi Dar es Salaam, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, kipimo ambacho pengine siku hiyo hakipatikani hospitalini, ada na sare za ndugu zake waliobaki nyumbani, na zaidi ya yote kipato cha wazazi ambacho kimesimama. Mtoto akipata homa katikati ya matibabu anatakiwa afikishwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu kinga yake imeshuka. Nauli ya usiku huo haiwezi kusubiri kundi la WhatsApp liamke.

Hatari kubwa huja pale mtoto anapoanza kupendeza. Baada ya miezi michache nywele huota, anacheza, jamaa wanasema amepona, michango inakatika, na mzazi aliyekosa nauli anaruka tarehe ya kwanza, kisha ya pili. Ugonjwa ukirudi baada ya tiba kukatizwa huwa mgumu zaidi kutibika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30, na miongoni mwa sababu linazozitaja ni kuchelewa kugundua ugonjwa na kuacha tiba njiani. Kwa hiyo msiwaombe watu kiasi kimoja kikubwa cha mara moja. Waombeni ahadi ndogo ya kila mwezi, ya shilingi elfu tano au elfu kumi, kwa miezi ishirini na minne. Sisi Watanzania tunaijua kazi hii vizuri mno pale inapokuwa harusi: tunaunda kamati, tunachagua mwenyekiti na mweka hazina, tunaandika ahadi na kufuatana nyumba kwa nyumba hadi senti ya mwisho. Mtoto huyu naye anastahili kamati.

Kuhusu India, kaka mkubwa asilaumiwe kwa kutamani, bali amwulize daktari swali moja mbele ya mama wa mtoto: je, kuna tiba anayohitaji mtoto huyu ambayo hapa haipo? Dawa za msingi za ALL, kama vinkristini, metotreksati na predinisoloni, ni za miaka mingi na ndizo zinazotumika huko na huku. Pakiwa na sababu ya kitabibu, madaktari wenyewe ndio huanzisha rufaa. Mtu anayewashawishi kusafiri huku akilipwa na hospitali ya huko si mshauri wenu. Kumbukeni pia kwamba tiba ya miaka miwili ugenini humaanisha kodi ya nyumba, viza na mlezi asiyefanya kazi, na fedha zikiisha katikati mtarudi na tiba iliyokatika, bila shamba.

Picha isitoke. Mama amekataa, na hilo latosha. Hata angekubali, tungewashauri vivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa ni taarifa nyeti, na matapeli hupenda picha za namna hiyo, wakibadilisha namba ya simu tu na kuanza kukusanya. Andikeni maelezo mafupi yenye umri wa mtoto, ugonjwa, mahitaji ya mwezi na jina litakaloonekana mtu anapotuma fedha. Barua ya hospitali akae nayo mweka hazina, amwonyeshe anayetaka kuhakikisha.

Namba ya kaka mkubwa nayo ibadilishwe, si kwa kumshuku, bali kwa sababu fedha za mtoto zikichanganyika na za vocha na mbolea hata mwaminifu hushindwa kutoa hesabu. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wawili, mmoja wao akiwa mama wa mtoto, na kila Jumapili mweka hazina aandike kundini kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Malipo ya hospitali yalipwe kwa namba ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe, kwa risiti. Asitumiwe fedha mtu yeyote anayepiga simu akidai ametumwa na daktari.

Kwa wale wasio na fedha, kuna damu. Matibabu haya hupunguza damu na chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, na chembe sahani hazikai akibani zaidi ya siku chache, hivyo wachangiaji wanahitajika mara kwa mara. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Vijana wa ukoo walioko Dar es Salaam wapangiwe zamu.

SWALI: Tulichangisha kwa ajili ya binti wa dada yangu aliyekuwa na uvimbe wa figo. Amefariki, na fedha zimebaki. Wazee wanasema zitumike katika arobaini. Baadhi ya waliochanga wananong'ona. (Mjomba, Mwanza)

JIBU: Poleni kwa msiba. Fedha hizo ziliombwa kwa jina la matibabu, kwa hiyo matumizi mengine yanahitaji idhini ya waliozitoa. Lipeni kwanza madeni yaliyotokana na ugonjwa, ikiwemo mikopo ambayo wazazi walichukua kwa ajili ya nauli. Kinachobaki, waandikieni waliochanga mkitaja kiasi kamili na pendekezo lenu, mwape wiki mbili za kujibu, na anayetaka chake arudishiwe bila maneno. Familia nyingi hupendekeza kiasi hicho kipelekwe kwa mtoto mwingine aliyekuwa wodi moja na wao, kupitia afisa ustawi wa jamii. Arobaini ichangiwe upya na wanaotaka kuchangia arobaini. Namba ya kupokelea michango ifungwe siku ileile hesabu itakaposomwa, maana wapo walioko mbali ambao habari haijawafikia na bado wanatuma.